Kofia Iliyobaki Mkebeni

Jericho. Jumapili, Julai 1979. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuuma vidole.

Daftari, leo nina kinyaa.

Si hasira. Hasira naijua mimi, huja ikapiga kelele ikaenda zake. Hiki kinyaa kimenikaa kooni tangu asubuhi, nimekunywa chai ya tangawizi vikombe vitatu na bado kipo. Nitaandika yote nione kama kitashuka.

Nianze na ukucha.

Nilifungua mkebe wangu wa kushonea baada ya chai ya asubuhi. Juu kabisa, juu ya uzi mweupe ambao sijauanza, nikakuta ukucha. Wa dole gumba la mguu, jamani! Wa manjano, umejikunja, na ukingoni una uchafu mweusi. Makasi yangu madogo ya kukatia uzi yamelazwa pembeni yake, wala hayakufutwa.

Nilipiga ukelele mpaka Amina, binti yangu, akatoka jikoni mbio akidhani nimeona nyoka.

Mwenye ukucha ni Musa, mume wangu. Musa ni mtu mwema. Naliandika hili mapema, nisije nikausoma ukurasa huu miaka ya mbele nikajiona mimi ndiye mchawi. Haninyimi, hanipigi, hanitukani. Lakini kuna makasi makubwa ya jikoni, kuna wembe, kuna patasi zake za kuchongea vinyago, na kati ya vyuma vyote vilivyomo humu ndani ameona kucha zake zinastahili makasi ya kudarizi. Nimeyachemsha kwenye sufuria. Kisha nikaichukia na sufuria yenyewe.

Watu wa nyumba hii wanauona ule ni mkebe tu. Ulikuwa wa biskuti, na maua ya kwenye kifuniko yamekwisha kufutika. Lakini mimi najua kila kitu kilipo hata nikifumba macho. Nyuzi nimezizungusha kwenye vipande vya kadibodi, nyeupe upande huu na za rangi upande ule. Za rangi ni za mashuka na vitambaa vya makochi ninavyodarizia watu, nyeupe ni za kofia. Sindano nimezichoma kwenye kipande cha sabuni zisishike kutu. Subana ya kukingia kidole inalala ndani ya kikasha cha kiberiti. Na chini kabisa, ndani ya kipande cha leso kuukuu, kuna kofia ya Mama.

Kofia ambayo haijaisha.

Mama alifariki mwaka jana, Agosti, katika nyumba hii hii. Miezi yake miwili ya mwisho nilimtoa kwa Baba kule Pumwani nikamleta hapa kwangu nimwuguze, akaja na kitambaa chake, sindano na penseli. Alikuwa anashona kofia ya vito. Asiyejua huona kofia nyeupe, basi. Ajuaye huona vitundu mamia, kila kimoja kimetobolewa kwa mkono na kuzungushiwa uzi, mpaka vikikaa pamoja vinakuwa maua. Kipande cha juu alikimaliza. Ukanda wa pembeni aliufikisha zaidi ya nusu. Siku aliyozimia sindano ilikuwa imo ndani ya kitundu, na mimi sikuichomoa, wala sikuitia kwenye sabuni na wenzake. Nilikunja kila kitu vilevile kama mkono wake ulivyokiacha.

Alikuwa akishona huku ananung'unika. "Kichwa hiki hakina mwisho," anasema, anaugeuza ukanda, anaendelea. Nami nikicheka. Nilidhani anamsema Baba, maana kichwa chake kigumu kweli.

Sasa Baba.

Amekuja leo baada ya adhuhuri, amelowa mabega. Nikampa viazi karai, akala sahani nzima. Alipomaliza akatazama huku na huku, akavuta kitambaa cha kochi nililolikalia, akajifutia mdomo. Kisha vidole. Kimoja kimoja. Kitambaa hicho nilikitandaza tu nione kinavyokaa; nimekidarizi wiki tatu, tausi wawili wanatazamana, na si changu, ni cha bibi mmoja wa Makadara anayemtarajia mkwewe. Sasa tausi mmoja ana mafuta na pilipili mdomoni.

Nikamsogezea maji ya kunawa. Ni baba yangu.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea, "Mwanangu, ile kofia ya marehemu mama yako imefika wapi?"

Wallahi moyo ulinilainika. Nilisema kimoyomoyo, mzee amemkumbuka mkewe. Nikaitoa, nikaitandaza mapajani. Akaugusa ukingo kwa kidole, akasema, "Mashallah, mikono ile." Machozi yakanilenga. Nilikuwa tayari kumsamehe tausi na viazi na kila kitu.

Ndipo akasema anaomba niimalize upesi, maana Ijumaa ya tatu kutoka sasa anafunga ndoa. Na Bi Zuhura, mjane wa pale pale Pumwani, nyuma ya msikiti. Anataka asimame mbele ya watu na kofia ya mkono, si hizi za mashine ambazo kila mtu anazo.

Viazi alikula yeye, kutapika nikataka kutapika mimi.

Hata mwaka haujaisha!

Nielewe vizuri, daftari. Sikatai aoe. Mwanamume hakai eda, na mzee wa umri wake anahitaji mtu wa kumpashia maji ya kuoga. Kinachonitia kinyaa ni kofia. Kwetu kofia ya vito mke humshonea mumewe. Mwanamke anakaa miezi minne, mitano, anayamaliza macho yake kitundu kwa kitundu, na mume akitoka nayo Ijumaa watu wakiiona wanajua huyu ana mtu nyumbani. Mama alimshonea Baba tangu ujana wao. Sasa ile ya mwisho, aliyoshona akiwa hawezi kukaa bila mto mgongoni, ndiyo iende kuolea mwanamke mwingine? Mama awe fundi wa harusi ya mke mwenziwe, naye yuko kaburini?

Nikasema, "Si Bi Zuhura amshonee mumewe."

Baba akacheka. "Bi Zuhura hana macho ya sindano, mwanangu."

Na mimi nikajibu nini? Nikajibu inshallah.

Inshallah! Mwanamke mzima, mama wa mtu, nina ulimi wa kumkemea mwenye duka soko zima likasikia, na mbele ya baba yangu nikakunjika kama shuka. Ule ukucha haukunitia kinyaa kama nilivyojitia mwenyewe nilipoisikia sauti yangu.

Kwa kuwa nilishasema inshallah, ikabidi nitoe na kipimo. Sisi hatupimi kichwa kwa futi ya fundi cherehani. Tunazungusha uzi juu ya masikio, pale unapokutana tunapiga fundo, na ukanda wa kofia hukatwa kwa urefu wa uzi huo. Uzi wa Mama ulikuwa mle ndani ya leso, umeviringwa kwenye kijiti cha kiberiti. Nikamzungushia Baba.

Fundo likapita. Likapita vidole vitatu.

Nikarudia. Vidole vitatu. Nikauchukua ukanda wenyewe nikamzungushia kichwani, ukamteremka mpaka kwenye nyusi, akawa ananitazama kwa chini kama mtoto aliyevaa sufuria.

Baba akajishika kichwa, akahuzunika ghafla. "Nimekonda, mwanangu. Upweke huu."

Upweke! Na harusi Ijumaa ya tatu! Mtu hukonda mashavu, hukonda shingo, fuvu la kichwa hukonda lini? Lakini akaendelea kwa utulivu wake, ati nipunguze tu, nikate hivyo vidole vitatu, haitajulikana. Nikate. Ukanda ukipungua, kipande cha juu alichokimaliza nacho hupunguzwa; nivikate vitundu vya Mama kwa makasi ya kukatia kucha.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Aliniombea dua njia nzima, na kila dua ilinizidishia karaha. Nikaitikia amina, amina, na mvua inaniingia viatuni.

Niliporudi nikakaa kitandani kukunja vitu vyangu. Hapo ndipo swali likaja, nami najiuliza lilikuwa wapi mwaka mzima. Mama alimshonea Baba kofia maisha yao yote, na sijawahi kumwona akimpima. Sijawahi! Kichwa cha Baba alikijua kwa viganja vyake. Alikata kitambaa akiongea na jirani, na kofia ikamkaa mzee sawasawa. Sasa uzi huu wenye fundo ulikuwa wa nini?

Nilikuwa bado nao mapajani Musa alipoingia kutoka Gikomba, kwenye karakana yao ya wachongaji. Jumapili kwao ni siku ya kumalizia mzigo. Siku nzima amepaka twiga wa mti rangi ya viatu ili wang'ae, na harufu ile huingia mlangoni kabla yake. Mikono myeusi mpaka viwikoni. Nikaanza naye palepale, hata salamu hakupata. Nikamsomea ukucha, nikamsomea makasi, nikamsomea sufuria.

Akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Pole, mama Amina. Niliona tu iko na makali."

Iko na makali! Nilikuwa naanza upya, nikaona hanitazami mimi. Anautazama uzi. Akarudi nyuma hatua moja, kweli kabisa, mgongo ukagusa mlango.

"Hiyo kamba bado iko?" akauliza.

Nikamuuliza anaijuaje. Akajaribu kupotezea, akanawa mikono, akaulizia chakula. Nikambana. Mwishowe akasema, na hakunitazama akisema. Siku moja mwaka jana nilikuwa nimekwenda sokoni, naye amempelekea Mama uji. Mama akamwambia inama. Akainama, maana utafanyaje? Mama akatoa uzi chini ya mto, akamzungushia kichwani, akapiga fundo, akasema, "Lo! Kichwa kama mtungi." Akamwambia nenda, na usimwambie mtu.

"Na hukuniambia?"

"Mimi nilidhani ananifanyia kitu."

"Kitu gani?"

"Si unajua. Vitu zenu za Pwani."

Astaghfirullah. Daftari, huyu ni Mkamba. Mutuku wa Machakos, aliyesilimu akawa Musa ili anioe. Mjini hapa watu wakigombana na Mkamba hulala wakisoma dua wakiogopa uganga wa kwao. Naye karibu mwaka mzima amelala kitanda kimoja nami akiogopa uganga wa mama yangu! Anasema kichwa kilimuuma wiki mbili. Anasema Mama alipofariki yeye aliona aibu kwamba amepumua kidogo.

"Inama," nikamwambia.

"Mama Amina..."

"Inama, Musa."

Akainama. Nikazungusha uzi juu ya masikio yake, kwenye nywele zenye vumbi la mbao. Fundo likafika mahali pake likakaa. Halikupita, halikupungua.

Kichwa hiki hakina mwisho.

Nimemwacha sebuleni na chakula chake nikaja huku kuandika. Maana lazima niseme ukweli, na ukweli wenyewe unanuka.

Mama hakumpenda Musa. Nisiufunike, hakumpenda tu haitoshi, alimwonea kinyaa. Alipokuja kututembelea alikuja na kikombe chake ndani ya mkoba. Musa akipita, Mama alivuta ukingo wa buibui akafunika pua. Alimwita "yule mchonga masanamu" hata mbele ya Amina, na alisema malaika hawaingii nyumba hii, watagongana na twiga mlangoni. Siku ya nikahi yetu alikaa na wanawake hakugusa biriani.

Alipougua ndipo nikamleta kwa mchonga masanamu, kwa sababu Baba hakujua hata kuchemsha maji. Na nani alimwaga beseni lake la matapishi kila alfajiri kabla ya kwenda kazini? Si mimi. Mimi nilijaribu siku mbili, nikawa nalibeba nimefumba macho, nikalimwaga mlangoni. Kuanzia siku ya tatu akalichukua Musa. Alilimwaga, akalisuuza, akalipangusa, akalirudisha na salamu: "Umeamkaje, Mama?" Hakukunja uso hata mara moja. Mama alikuwa akitazama ukutani asijibu. Nilidhani hamwoni.

Nina uhakika sasa kwamba alimwona.

Na mimi? Miaka tisa ya ndoa. Nimedarizi mashuka ya maharusi nisiowajua, vitambaa vya makochi ya nusu ya Jericho, kofia za waume za watu wasio na macho ya sindano. Musa sijamtobolea hata kitundu kimoja. Anakwenda msikitini na kofia ya mashine aliyoinunua barabarani, inayombana mpaka ikamwachia mstari mwekundu kwenye paji. Kila Ijumaa nauona mstari ule. Najiambia nitamshonea nikipata nafasi, na nafasi ya tausi wa Makadara huwa naipata.

Sikumshonea kwa sababu niliona haya. Niliogopa avae kofia yangu, Mama aione kwenye kichwa kile, kwenye rangi ya viatu na vumbi la mbao, ajue kwamba mimi si mwanawe aliyekosea njia tu, bali nampenda. Nimeandika, basi. Nilikula naye, nikalala naye, nikamzalia, na mbele ya mama yangu nikajifanya nimemvumilia.

Kumbe Mama alinipita. Akiwa mgonjwa wa kufa alitoa uzi chini ya mto akanipita, akamshonea yeye mkwewe kofia ambayo mimi mkewe sikumshonea. Hakuniambia. Labda naye aliona haya. Tumerithiana, kinyaa na haya, vyote kwenye mkebe mmoja.

Nimejaribu kuichomoa ile sindano sasa hivi. Imeshika kutu, imegandamana na kitambaa. Nimeivuta taratibu kwa vidole vya kucha... sijui nimeandika nini hapo, macho yana maji. Nimeivuta kwa kucha, ndiyo, kwa kucha zangu, ikatoka. Imeacha doa la kahawia kando ya kitundu cha mwisho. Kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki, hata kwa ndimu na chumvi na jua la wiki nzima, na jua lenyewe liko wapi? Doa litabaki. Upande wa kulia wa doa utakuwa mkono wa Mama, upande wa kushoto mkono wangu, na wangu hautafanana na wake. Vitundu vyake ni vidogo kuliko vyangu mpaka leo. Mwenye macho ataona mahali tulipopokezana.

Kesho asubuhi nachukua sindano mpya kutoka kwenye sabuni. Kesho hiyo hiyo naosha tausi. Na kesho nakwenda Pumwani.

Hilo la Pumwani ndilo linaloniweka macho juu ya karatasi. Baba anaamini kwamba Mama alikufa akimshonea yeye. Nikimwambia si yako, nitakuwa nimemnyang'anya kitu ambacho hata harusi mpya haitamrudishia. Nilitaka kumkomoa tangu mchana, wallahi nilitaka, na sasa nina cha kumkomolea, na hakina ladha. Je, nimwambie ni ya nani? Au nimwambie tu kwamba fuvu halikondi, afikirie mwenyewe njiani akienda msikitini?

Nitamwonyesha uzi. Ajizungushie mwenyewe, alione fundo linavyopita. Asipouliza, sitasema. Akiuliza, nitamtajia jina la mkwewe bila kutazama chini, kwa mara ya kwanza tangu aniozeshe.

Lakini inshallah yangu nairudisha. Vitundu vya Mama havikatwi.

Makasi nimeyahamishia chini ya mto wangu, kama Mama alivyokuwa akificha uzi wake. Musa anakoroma sebuleni kochini, mdomo wazi, amejifunika tausi mmoja safi na mmoja wa viazi. Bado ule ukucha unanitia kinyaa.

Na Baba, harusi njema. Akanunue ya mashine. Bi Zuhura hana macho ya sindano, lakini ya kuchagua dukani atakuwa nayo.